Kununua Kitanda Kampala

Kila mtu anayetoka kambini kwenda kujaribu maisha Kampala anatuuliza swali lile lile: vitu vya nyumba nanunua wapi? Anauliza akiwa na begi moja, mkeka na sufuria mbili. Sisi hatuna duka, wala hakuna fundi anayetulipa kamisheni. Ni volontia wanne wa Kyaka II ambao tumejikuta tunabeba vitanda vya watu kwenye jiji lile zaidi ya mara moja. Sasa tuandike yote, mtu akiuliza tena tumwambie asome.

Ila lazima tuanze na Mama mmoja. Jina lake tunaliacha, wengi wa zoni yetu mtamjua tu. Ni mjane, mzaliwa wa Ituri, ana watoto wanne, na kwa miaka mingi nyumba yake ndo ilikuwa fasi yetu ya kupumzika tukitoka kwenye mikutano ya vijana. Alikuwa na meza ya mbao ngumu, nzito, yenye duara jeusi katikati pale alipowahi kuweka sufuria ya moto. Kwenye meza ile tumekula sombe na ugali mara ambazo hatuwezi kuhesabu.

Mwisho wa 2024 kesi yao ikapita. Intavyu zilikuwa zimeisha, medikali imeisha, wakapewa tarehe ya safari: Februari. Marekani. Mnajua furaha ya namna hiyo inavyokuwa, watu wanakuja kuimba hadi usiku. Na mnajua pia kinachofuata: vitu vinaanza kuuzwa.

Tulioishi kambini tunajua kwamba soko kubwa la vitu vya nyumba vilivyotumika halikuwa mjini. Lilikuwa kwa wasafiri. Familia ikipata tarehe, majirani wanaanza kupita mmoja mmoja, wanasalimia, wanakaa, macho yako kwenye kabati. Bei inashuka kadiri siku zinavyokaribia. Wiki mbili kabla, kitanda ni elfu themanini. Wiki ya mwisho ni arobaini. Asubuhi ya gari, mtu anakwambia chukua tu, utuombee. Karibu kila kitanda kizuri Kyaka kimelaliwa na familia tatu au nne, na ukiuliza cha nani watu hawatakutajia jina la mtu, watakutajia mji alikokwenda.

Meza ya Mama tuliinunua sisi. Mmoja wetu ndiye aliyetoa pesa, ila wote wanne tulikuwepo, na wote tulisaidia kupunguza bei. Alisema elfu hamsini. Tukasema ishirini na tano. Tulijua ana haraka, tulijua hatabeba meza kwenye ndege. Tukamaliza kwenye elfu thelathini, tukaondoka nayo vichwani jioni ile ile tukicheka. Hatukuona ubaya. Ndivyo kila mtu alivyokuwa anafanya.

Januari 2025 safari zote za wakimbizi kwenda Marekani zikasimamishwa. Mama alipata habari akiwa ameshauza kila kitu: vitanda viwili, makochi, kabati, mbuzi, hadi vyungu vya maua. Shamba alishamwachia mtu mwingine, na nyumba ile ile ilikuwa inasubiri mwenyewe mpya. Watoto walikuwa wameshaaga shuleni.

Kuna waliorudisha vitu. Jirani mmoja alirudisha kitanda usiku bila kudai pesa, alikiegemeza mlangoni tu akaenda. Wengine walisema bei ni bei. Sisi hatukusema kitu. Tulikuwa na meza ya Mama kwenye chumba chetu na tulimtembelea mara mbili tu kati ya Januari na Machi. Hiyo tunaiandika ili msifikiri tunajisifu hapa.

Machi akaondoka kwenda Kampala na watoto wote. Msichana wake mkubwa anajua kushona, alikuwa amepata fasi kwa mtu mwenye cherehani upande wa Katwe. Wakapanga mzigo mmoja, yani chumba kimoja kile cha Kampala ambacho mlango wake ndo dirisha lake. Mnajua sheria ya mjini: aliyechagua Kampala anajitegemea. Hakuna mgao. Na hata huku kambini, tulipofika mara ya kwanza tulipewa mkeka, blanketi, jeriken, sufuria, neti. Kitanda hakikuwemo. Kitanda kila mtu hukitafuta mwenyewe.

Mwezi wa nane msichana akatupigia simu. Mvua ikinyesha, maji yalikuwa yanapita chini ya mlango, na wote watano walikuwa wanalala chini. Mtoto wa mwisho alikuwa anakohoa wiki ya tatu. Alisema amewaza kununua kitanda kidogo kidogo, ila mama yake hataki kusikia. "Anasema tukinunua kitanda, ni kusema tumebakia."

Tukachangisha. Posho ya volontia mnaijua, hatuhitaji kueleza. Kutoka kwa sisi wanne, vijana wa kikundi na watu wawili wa mashirika waliosikia, tukafikisha shilingi laki tano na elfu ishirini. Wawili wetu tukapanda basi Kyegegwa, Mubende, Mityana, hadi Kampala.

Kabla ya soko lolote, pima chumba. Sisi hatukuwa na futi, tukatumia kamba ya katani: fundo moja upana wa mlango, fundo la pili urefu wa ukuta wa nyuma, fundo la tatu kimo cha dari. Mafundi walitucheka na kamba yetu, lakini mwenzetu mmoja mwaka juzi alinunua kochi zuri ambalo halikuingia mlangoni, likalala nje siku mbili, siku ya tatu halikuwepo. Kamba tu ingemwokoa. Vitanda Kampala vinatajwa kwa futi: tatu kwa sita ni cha mtu mmoja, nne kwa sita, tano kwa sita na kuendelea. Ukisema tu "kitanda kikubwa" kila fundi ataelewa lake.

Fasi ya kwanza watu watakayokuelekeza ni Nsambya. Mafundi wamepanga vitanda, makochi na makabati kando ya barabara, yamekamilika, yanang'aa, unaona na kununua na kubeba leo hii. Wakongomani wengi wanaishi maeneo yale, kwa hiyo Kiswahili utakipata, hata Kilingala. Bei inategemea sana wewe ulivyokuja. Ukishuka kwenye gari la shirika umeisha. Ukiongea Kiswahili cha Congo wengine wanakudhania umekuja na dola za madini. Tulifika tukauliza kitanda cha tatu kwa sita, wakasema laki mbili na nusu. Tukamtuma msichana wa Mama, ambaye kwa miezi michache tayari anaongea Luganda cha sokoni, akauliza kile kile: laki moja na sitini. Hatukuchukia. Ila tulielewa. Nenda na mtu wa Luganda, mpe heshima aongee yeye, wewe kaa nyuma kama mbeba mizigo.

Tatizo la kununua kitu kinachong'aa ni kwamba vanishi inaficha. Mbao ni za aina nyingi. Kuna mvule na mahogani, nzito, ghali. Kuna musizi, nyepesi, nzuri machoni, lakini wadudu wa kutoboa mbao wanaipenda kama sisi tunavyopenda maharage ya nazi. Kuna paini na kalitusi. Rangi nyekundu ya kupaka inaweza kufanya yoyote kati ya hizi iitwe mahogani. Sisi tunafanya hivi: tunakiinamisha kitanda tunaangalia upande wa chini ambako fundi hakujisumbua kupaka. Pale mbao inasema ukweli. Halafu tunainua kona moja. Mbao ngumu haiinuki kirahisi. Halafu tunahesabu chaga, zile mbao za kushikilia godoro, kwa sababu fundi akitaka kubana pesa anaanzia pale. Na tunatafuta tundu ndogo zenye unga. Ukiona unga, salimia uende.

Ukiwa na muda, nenda Ndeeba. Kule ndo mbao zenyewe zinauzwa, mashine zinalia kutwa, vumbi la mbao liko hadi kwenye chai. Unanunua mbao, unampa fundi wa palepale, anakutengenezea. Tuliingia kwenye kibanda kimoja tukauliza mahogani, muuzaji akapiga ubao kwa kiganja akasema kwa Kiswahili: "Hii kitu ya Congo, original." Alikuwa anaisifia bidhaa. Mbao ngumu nyingi zinazouzwa Uganda zinatoka kwetu mashariki, zinavuka mpaka kwa malori. Mwenzetu, yeye ni mtu wa Mambasa, aliunusa ule ubao muda mrefu kidogo. Muuzaji akadhani anapima ubora, akashusha bei elfu tano.

Kutengenezesha kuna raha yake na kuna machungu yake. Machungu tuliyaonja mwaka juzi na fundi mmoja ambaye hatumtaji, wala mtaa wake. Tulimpa laki moja na nusu ya kutangulia kwa kitanda cha rafiki yetu aliyekuja kusoma. Njooni Alhamisi. Alhamisi akasema umeme. Jumanne akasema vanishi haijakauka. Kumbe kitanda chetu kilishauzwa kwa mteja aliyekuja na pesa kamili, na sisi tukapewa kingine chenye chaga nne. Chaga nne! Hatukuwa na karatasi, tungemshtaki na nini? Tangu siku ile hatutoi zaidi ya nusu, tunaandika kwenye karatasi aina ya mbao, vipimo, idadi ya chaga na tarehe, fundi anaweka sahihi, na tunapiga picha ya karatasi na ya fundi mwenyewe akiwa ameishika. Fundi mwaminifu hakatai picha.

Bwaise nako kuna mafundi wengi na bei ni ya chini kidogo. Ila Bwaise ni bondeni, mvua kubwa ikija maji yanaingia hadi kwenye karakana. Angalia miguu ya kabati na ya kitanda: kama kuna mstari wa rangi tofauti sentimita chache kutoka chini, kitu hicho kimeogelea. Kikikauka kwako kitaanza kufunguka viungo.

Yale maduka makubwa ya vioo yenye makochi ya kutoka nje hatutasema mengi. Tuliingia kupata upepo wa eya kondishini. Vitu vingi mle ni vya unga wa mbao uliogandamizwa, vinapendeza, lakini vikilowa vinavimba kama mkate kwenye chai, na havikubali kufunguliwa na kufungwa mara tatu. Mtu anayehama kila kodi ikipanda asinunue kitu hicho.

Sasa vilivyotumika. Hapa watu wengi wanaona aibu kuuliza, na hatujui kwa nini, wakati kambini wote tumelala kwenye vitanda vya wasafiri. Mjini vilivyotumika vinatoka njia mbili. Kuna wauzaji wanaonunua vitu vya nyumba nzima na kuvirundika kando ya barabara. Na kuna watu wenye mikataba, wageni na wenyeji, wa Muyenga, Bugolobi, Ntinda na kule juu Kololo, ambao mkataba ukiisha wanauza vitu ndani ya wiki moja. Hawa wa pili wana vitu bora na bei inayoanguka vilevile kama ya wasafiri wetu. Shida ni kwamba wanatangaziana wenyewe kwa wenyewe kwenye simu, na habari ikifika kwetu kitu kimekwenda.

Kwa hiyo ninyi mnaotusoma mkiwa ofisini kwenye mashirika, hili ni lenu. Siku mkiuza, mtuambie. Hatuombi bure. Tutakuja na pesa na kamba.

Mwaka 2025 vilivyotumika vilikuwa vingi kuliko tulivyozoea, na tulielewa sababu tulipofika kwa muuzaji mmoja. Alikuwa na meza za ofisi kama ishirini, na viti vya kuzunguka. Pembeni ya kila meza kulikuwa na namba ya kupaka kwa rangi nyeupe, ile namba ambayo mashirika huandika kwenye mali zao. Mmoja wetu alifanya kazi miezi sita kwenye ofisi yenye meza za aina ile, kabla ya ofisi kufungwa mwanzoni mwa mwaka ule. Alikaa kwenye kiti kimoja akazunguka mara moja. Muuzaji akamwambia ukikaa unanunua. Akasimama.

Kwa kitu kilichotumika, adui ni kunguni. Washa tochi ya simu, angalia kwenye viungo, kwenye tundu za misumari, chini ya mkanda wa kochi. Ukiona vidoa vyeusi kama wino wa kalamu, acha. Hata ukiona kisafi, ukifika kwako kabla ya kuingiza ndani mwaga maji yanayochemka kwenye viungo na ukianike juani siku nzima. Kochi libonyeze kwa goti, sio kwa kiganja, kwa sababu kiganja kinadanganywa. Inua kitambaa cha chini uone wamejaza nini. Sisi tumewahi kukuta maboksi na nyasi. Godoro lililotumika usinunue kabisa, hata likiwa la balozi. Bora godoro jipya jembamba.

Tulizunguka siku mbili. Jioni ya siku ya pili tulikuwa tumechagua kitanda cha mbao Nsambya, kizuri kweli, na tukaenda kumwonyesha Mama picha kwenye simu. Aliangalia, akafuta mikono kwenye kitenge, akarudisha simu.

"Batoto yangu, muko na roho muzuri. Lakini hicho kitanda kitakaa miaka ishirini. Mimi niko naomba Mungu nisikae hapa hata miwili. Mukileta kitanda cha miaka ishirini ndani ya nyumba yangu, ni kama munanifunga."

Tukanyamaza. Mtoto akakohoa. Mama akasikia kwamba sisi tumesikia.

Tusidanganyane, tulikuwa na hasira kidogo. Tumetoka mbali, pesa ya watu iko mfukoni, mtoto analala kwenye maji, na yeye anaongea mambo ya safari ambayo hakuna anayejua kama itarudi. Lakini usiku ule, tumelala kwa rafiki, mmoja wetu aliuliza: sisi tumenunua nini tangu tufike Uganda? Tukahesabu. Simu. Redio. Viatu. Kila kitu ambacho mtu anaweza kukimbia nacho. Kitu kizito tulichonacho ni meza ya Mama, na hata hiyo hatukuinunua kwa sababu tunakaa. Tuliinunua kwa sababu ilikuwa rahisi.

Asubuhi tukaenda Katwe, ambako ni dakika kumi kwa miguu kutoka kwake na ndiko tungeanzia kama tungekuwa na akili. Katwe ni chuma. Mageti, madirisha, majiko, vitanda, kila kitu kinachochomelewa. Cheche zinaruka hadi barabarani, usisimame karibu na kitenge cha nailoni. Huku vitanda vya ghorofa, vile vya shule, vinatengenezwa kwa mabomba ya mraba. Angalia mambo mawili tu: unene wa bomba (gonga kwa ufunguo, bomba jembamba linalia kama kopo), na maungio. Chomeleo zuri limezunguka pande zote. Baya limegusa nukta mbili halafu likafichwa na rangi. Halafu panda juu, jitikise. Fundi akikukataza kupanda, kitanda hicho hata yeye hakiamini.

Kilichotufanya tusimame kwa fundi mmoja ni kwamba kitanda chake hakikuchomelewa chote. Nguzo na mbavu zinaungana kwa bolti. Alichukua spana mbele yetu akakifungua, tukatazama saa: dakika tisa. Mbele yetu kikawa rundo la mabomba ambalo watu wawili wanabeba begani. Alitaka laki tatu na nusu. Msichana wa Mama akaongea, akacheka, akaondoka, akaitwa, akarudi. Laki mbili na themanini, na spana juu yake.

Magodoro mawili mapya ya tatu kwa sita, yale membamba, tulinunua kwa elfu tisini kila moja. Owino tukapata mashuka mawili ya mitumba ya pamba nzito kwa elfu ishirini. Owino ingia asubuhi, pesa iwe mfuko wa mbele, na usiseme ndiyo kwa kitu chochote usichotaka maana watakifunga kabla hujamaliza neno. Stuli mbili za mbao elfu ishirini na nne. Usafiri tulipatana kabla ya kupakia, elfu kumi na tano kwa pikapu. Boda angeweza, boda wa Kampala tumewaona wamebeba makochi ya watu watatu, lakini mabomba marefu kwenye msongamano ni kutafuta kesi. Tukabaki na shilingi elfu moja. Tukanunua mandazi.

Mama alikuwa mlangoni tulipoingia kwenye uchochoro na mabomba begani. Hatukumwambia kitu. Tuliyaweka chini, tukampa spana mkononi.

"Hii ni nini?"

"Kitanda cha watoto, Mama. Kinafunguliwa dakika tisa. Siku tarehe ikija, unakifungua mwenyewe, unamuuzia mtu."

Aliishika ile spana, akaigeuza. Akauliza bolti ni ngapi. Tukamwambia kumi na sita. Akasema wafunge watoto wenyewe, wajifunze. Kwa hiyo kitanda kilifungwa na mtoto wa miaka kumi na moja na wa tisa, sisi tumekaa kwenye stuli tunatoa amri. Usiku ule wanne walilala juu ya maji, wawili chini, wawili juu. Yeye mwenyewe alibaki kwenye godoro lake la zamani, juu ya mbao za kupakulia alizookota sokoni. Tulisema tutachanga tena kwa ajili yake. Akasema tusithubutu. Spana aliiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi zao za kesi.

Kikohozi kilichukua wiki mbili kupungua.

Ilibaki meza. Tuliporudi Kyaka tuliiangalia kwa macho mengine, ile duara nyeusi katikati. Tungeweza kusema sisi tuliinunua kihalali, na ni kweli. Oktoba mfanyabiashara wa mahindi tunayemfahamu alikuwa anapeleka lori Kampala, akakubali kuiweka juu ya magunia kwa elfu kumi na tano, miguu imeelekea angani. Safari hii fundo la mlango kwenye ile kamba lilituambia haitaingia mpaka ing'olewe miguu, tukaing'oa hukuhuku.

Aliyeipokea ni msichana. Mama alitupigia jioni. Tulidhani atalia au atashukuru. Alisema:

"Niliwauzia elfu makumi tatu."

"Ndiyo, Mama, lakini hatutaki..."

"Munyamaze. Munataka nikule kwenye meza ya bure? Transport muliyolipa ni yenu, mulitaka wenyewe. Elfu makumi tatu nitalipa. Kidogo kidogo."

Wiki iliyopita ilifika elfu tano kwenye simu. Bado ishirini na tano.